Tafuta wa Kukusikiliza, Usimtafute wa Kukugeuza

Leo naanza na ujumbe wa kijana anayeishi hapa hapa Mlandege, Iringa. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike, na yeye mwenyewe ameridhia niueleze.

Ana miaka ishirini na kitu, ana kazi, amepanga geto lake. Anapenda wanaume. Amelijua hilo tangu yuko kidato cha pili na hajawahi kumwambia mtu wa nyumbani. Siku hizi usingizi umemkimbia, chakula hakipandi, kazini anakosea hesabu ambazo zamani alizifanya kichwani, na jioni akifika anafunga mlango na kukaa gizani mpaka simu izime chaji. Alijikaza akaenda kwa mtu aliyeambiwa ni mshauri. Alipotamka kinachomsibu, yule mtu akafunga daftari. Akamtaka afunge na kuomba, atafute binti mwenye heshima zake amuoe haraka, halafu awe anarudi kila wiki mpaka "hali hiyo" iondoke. Kijana ananiuliza: Dada, nirudi?

Usirudi, mdogo wangu.

Nakujibu kwa mkato hivyo kwa sababu najua umelisoma neno hili na moyo unakudunda, na sitaki ulitafute jibu katikati ya maelezo marefu. Ulikwenda na sonona, pengine na wasiwasi uliopitiliza, ukapewa tiba ya kitu kisicho ugonjwa. Kukosa usingizi kwako hakuna aliyekuuliza. Chakula kutopanda hakuna aliyekuuliza. Ulitoka mle ndani na mzigo uleule, umeongezewa na harusi juu yake.

Nieleze kidogo, maana wapo wanaodhani nasema haya kwa huruma tu. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliondoa kupenda watu wa jinsia moja kwenye orodha ya maradhi mwaka 1973. Shirika la Afya Duniani, ambalo Tanzania ni mwanachama wake, lilifanya hivyo tarehe 17 Mei 1990. Mwaka 2019 nchi wanachama zikapitisha orodha mpya, na humo hata watu ambao jinsia wanayoihisi ndani yao hailingani na waliyoandikiwa walipozaliwa wakatolewa kwenye sura ya magonjwa ya akili. Kwa hiyo anayekwambia atakutibu ili ubadilike anakuuzia dawa ya ugonjwa ambao kitabu cha tiba hakinao. Na wanaopitishwa kwenye hayo "matibabu" mara nyingi hutoka wameumia zaidi: wanajichukia, wanajitenga, wengine wanafikia kutaka kufa.

Sasa, kama hisia zenyewe si ugonjwa, mbona unaumwa hivi? Mtafiti mmoja wa Marekani, Ilan Meyer, aliandika mwaka 2003 maelezo ambayo wanasihi wengi duniani wanayatumia hadi leo. Kwa ufupi alisema hivi: mtu wa kundi linalodharauliwa hubeba msongo wa kawaida wa maisha kama wengine, kisha hubeba na wa ziada. Kuna kutukanwa na kufukuzwa kwenyewe. Kuna kukaa roho juu ukisubiri kutukanwa na kufukuzwa. Kuna kujificha. Na kuna yale maneno ya watu yanapoingia ndani yako ukaanza kujisemea mwenyewe.

Mimi nikiisoma hiyo naiona nyumba ya kupanga ya Mlandege. Vyumba vinatazamana, ua mmoja, bomba moja, choo kimoja. Mgeni wako akija, mama wa chumba cha pili amehesabu viatu mlangoni. Ukicheka na simu usiku, ukuta unasikia. Rafiki yako wa kike akikutembelea unamwachia mlango wazi ili aonekane vizuri, na rafiki yako wa kiume akija unawasha redio kubwa muonekane mnasikiliza mpira. Asubuhi unapofua unapanga hata nguo zipi zianikwe kambani. Mtu anayeishi hivyo mwaka mzima, akili yake hailali hata mwili ukilala. Dawa ya usingizi itakusaidia usiku mmoja au miwili, ila kazi yenyewe iko kwenye kuongea na mtu ambaye mbele yake huhitaji kupanga kamba ya nguo.

Mtu huyo ndiye mnasihi mzuri, na nataka mmjue atakavyokuwa, kwa sababu wengi mnaniandikia kana kwamba mnasihi wa namna hiyo lazima awe Mzungu, au awe na ofisi Dar es Salaam yenye kiyoyozi.

Kwanza, anauliza bila kukuwekea jibu mdomoni. Hasemi "mke wako anaitwaje?" Anasema "una mwenzi, au mtu wa karibu anayekujali?" Ukisema ndiyo, anaendelea: "Mnaonana kwa amani?" Swali dogo kama hilo linakufungulia mlango, na uamuzi wa kuingia unabaki wako. Ukimwambia mwenzi wako ni mwanaume, hashtuki, hatabasamu kupita kiasi, wala hageuki ghafla kuwa hodari wa kukuuliza mambo ya kitandani. Anarudi kwenye lililokuleta: "Umesema hulali. Unaamka saa ngapi, na ukiamka unawaza nini?"

Pili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wanasihi wenye nia njema wanapokosea, hakusukumi kujitangaza. Wapo waliosoma kwenye mitandao kwamba afya ya akili inakuja ukimwambia kila mtu. Huko kulikoandikwa hivyo kijana akifukuzwa kwao huenda ana pa kukimbilia, na polisi atakayemfuata anaweza kuwa wa kumlinda. Huku kwetu mnasihi anayejua kazi yake anauliza kwanza: unakaa kwa nani? Kodi analipa nani? Ada ya mdogo wako inatoka wapi? Shamba la Kilolo au Mufindi unalolima liko kwa jina la nani? Ukoo ukikaa kikao, nani ndiye msemaji, na nani anaweza kukusemea? Nani tayari anajua, hata kama hajawahi kusema? Mara nyingi yupo. Shangazi aliyeacha kukuuliza utaoa lini huenda anajua kitambo na ameamua kukulinda kwa kunyamaza.

Ukishaulizwa hayo ndipo unapoona kwamba kumwambia mama kunaweza kuwa uponyaji kwa mmoja, na kwa mwingine kukawa kulala nje kwenye baridi la mwezi wa saba. Anayejua ni ipi kati ya hizo ni wewe mwenye maisha yako. Mnasihi anakusaidia kupima, anakushika mkono ukiamua, na ukiamua kunyamaza miaka mingine mitano hakuoni mwoga. Kuishi kwa heshima na watu wako bila kuwafungulia kila chumba cha moyo ni jambo ambalo hata wazee wetu wamelifanya, kwa sababu zao nyingine. Linaweza kufanyika bila kujichukia. Hapo ndipo ilipo kazi yake: akusaidie usijichukie.

Tuje kwenye ndoa, maana ujumbe wenu mwingi unaishia hapo. "Dada, wameshapeleka barua ya posa kwa niaba yangu." Mnasihi anayetaka kukugeuza atashangilia. Mnasihi anayekupokea kama ulivyo atakuuliza kuhusu watu wawili: wewe, na huyo binti. Yeye naye ana maisha. Ataingia nyumba ambayo hakuelezwa, atajiuliza kila usiku ana kasoro gani, na siku moja atakuja kwangu au kwa mwenzangu akiwa na sonona yake. Sikuambii uwaeleze wazee kila kitu. Nakwambia zipo njia za kuomba muda ambazo wazee wanazielewa: kiwanja hakijapatikana, mdogo wangu amalize chuo, nimeingia mkopo. Zitumie huku unajengwa na mnasihi wako mpaka uweze kusema "hapana" moja iliyonyooka. Hiyo "hapana" hufanyiwa mazoezi mle chumbani kwake, kwa sauti, mara nyingi, yeye akiigiza baba mkubwa.

Sasa hofu. Mnasihi asiyejua historia atakuona una wasiwasi wa kupindukia ukimwambia unaogopa kufuatiliwa, au kwamba simu yako umefuta picha zote. Anayejua ataelewa ulikotoka. Februari 2017 serikali ilitangaza kusitisha huduma za Ukimwi kwenye vituo 40 vilivyokuwa vikihudumia wanaume wanaopenda wanaume na makundi mengine. Mwishoni mwa Oktoba 2018, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kuunda kamati ya kuwasaka wanaopenda watu wa jinsia yao na akataka wananchi wataje majina. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa taarifa kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Taarifa ilitoka, ila hofu ilikuwa imeshapanda magari na kufika mpaka huku Nyanda za Juu. Wengine wenu mlikuwa shuleni bado, na mnakumbuka walimu walivyoanza kuwatazama.

Na sheria ipo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inatoa kifungo kisichopungua miaka 30, kinachoweza kufika maisha, kwa kile inachokiita kumwingilia mtu kinyume cha maumbile. Sitawaficha hilo. Lakini mlisome vizuri: kinachohukumiwa ni tendo. Kuketi mbele ya mnasihi ukasema "nampenda mwanaume" au "silali" si tendo hilo. Na mtoa huduma ya afya anabanwa na maadili ya kazi yake kutunza siri ya mgonjwa. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 nayo inalinda usiri wa majibu ya vipimo.

Ndiyo maana nawashauri mambo ya siri myajadili siku ya kwanza kabisa, kabla ya kueleza lolote zito. Muulize: unaandika nini kwenye faili langu? Nani mwingine analisoma? Mnasihi mzuri anaweza kuandika "msongo unaotokana na mahusiano na familia" na ikatosha kwa tiba. Hana haja ya kuandika mwenzi wako ni nani. Angalia na chumba. Kama dirisha liko wazi juu ya benchi la wanaosubiri, mwombe alifunge au mkae kona nyingine. Kama mlango haufungi na muuguzi anaingia kuchukua karatasi kila dakika, nyamaza mpaka atoke. Huna deni la kumaliza hadithi siku hiyo.

Najua pia tatizo la mji mdogo. Muuguzi wa mapokezi anasali na mama yako, mtu wa maabara mlisoma naye. Nauli ikiruhusu, hakuna ubaya kwenda kutibiwa mji mwingine. Wa Iringa anaweza kwenda Mbeya au Dodoma, wa Mbeya naye akaja huku. Na kwa kuwa nimeitaja Dodoma: kuna wanaoniambia "Dada, mimi sijafika hatua ya Mirembe." Kumwona mnasihi si kulazwa Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili. Unakwenda na miguu yako, mnaongea kama saa moja hivi, unarudi kazini.

Hapa niseme na wanasihi wenyewe, maana najua mnasoma kona hii. Mkoa wetu una mzigo mkubwa wa virusi vya Ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 11.1 ya watu wazima Iringa wanaishi navyo, Njombe 12.7, Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Kwa hiyo unasihi wengi wetu tunaoujua ni wa kupima damu na wa kliniki ya matunzo na tiba ya Ukimwi (CTC). Mmefanya kazi kubwa, mmeokoa watu, na ninawaheshimu sana. Lakini imezaa mazoea: kijana akisema anapenda wanaume, akili inakimbilia damu. Anapimwa, anapewa kondomu na elimu, anaambiwa aje tena baada ya miezi mitatu. Hakuna aliyemuuliza kama analala. Hakuna aliyemuuliza kama alishawahi kufikiria kufa. Mwulizeni. Damu yake ipimwe, na yeye mwenyewe asikilizwe.

Na imani zenu? Hakuna anayewataka mziache. Mnazo kabla ya kuja kazini na mtarudi nazo nyumbani. Kinachotakiwa ni kwamba saa ile ya mteja isitumike kumhubiria. Ukijiona huwezi, mwambie kwa upole kwamba utampeleka kwa mwenzako anayeweza kumsaidia zaidi, na umpeleke kweli, usimwache mlangoni. Wenzetu wa chama cha wanasaikolojia cha Afrika Kusini waliandika mwongozo mwaka 2017 wa kuwahudumia watu wa namna hii, umeandikwa na Waafrika wanaojua ukoo ni nini, kanisa ni nini na umaskini ni nini. Nyumbani, Chuo Kikuu cha Muhimbili kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Minnesota cha Marekani kimefanyia majaribio mafunzo ya afya ya kijinsia kwa wanafunzi wa udaktari, uuguzi na ukunga, ili wajifunze kuzungumza na mgonjwa bila aibu wala kumhukumu. Nawaomba wakuu wa vyuo vya afya vya huku juu muulizie mafunzo kama hayo. Kijana wa Mlandege hapaswi kusafiri ili asikilizwe.

Sasa lipo jambo ambalo ningeweza kulipita, ila nimeamua nisilipite. Sisi wa Iringa tunataniwa nchi nzima kuhusu kujinyonga. Tukikosana na mtu kidogo, mtani anauliza kamba iko wapi. Watu wanalihusisha hata na Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyejiua mwezi Julai 1898 asikamatwe na Wajerumani, kana kwamba kufa kwa mkono wako ni urithi wa kabila. Tafadhali, utani huo tuuache. Kijana anayejificha akiusikia anacheka na wengine, halafu anakwenda nao nyumbani. Na anapofikia kusema kweli "nimechoka kuishi", tunamjibu kwa utani uleule.

Ukimwona rafiki yako anagawa vitu vyake, anaaga watu kwa namna ya ajabu, anasema wangepumzika bila yeye, muulize waziwazi: unafikiria kujiua? Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Kunampa nafasi ya kulitoa. Akisema ndiyo, usimwache peke yake usiku huo. Sumu za shambani na dawa ziondolewe pale alipo. Mpelekeni hospitali, idara ya dharura, hata kama ni usiku wa manane kwa bajaji. Kanuni ya Adhabu yetu imelitaja jaribio la kujiua kuwa kosa, na ndiyo sababu familia nyingi huficha mpaka mtu anafia ndani. Hofu hiyo isiwazuie kumkimbiza. Na mkifika si lazima mueleze anampenda nani. Semeni hali aliyo nayo, inatosha kumwokoa.

Mama mmoja aliniuliza kwa sauti ndogo sana afanye nini, maana amegundua kwa kuona meseji kwenye simu ya binti yake. Mama, rudisha simu pale ulipoikuta. Usiite mchungaji, usiite baba yake, usimwite dada yako wa Makambako. Kaa na hilo kwanza wewe mwenyewe, na ukiona linakulemea, wewe ndiye uende kwa mnasihi. Wazazi nao wanapokelewa. Kisha mpikie binti yako, mkae jikoni, umwambie kwamba hakuna kitu anachoweza kukuambia kitakachomtoa nyumbani kwako. Usiseme zaidi ya hapo. Atakapokuwa tayari atasema, na asiposema, utakuwa umeshamsaidia kuliko madaktari wengi.

Nimalizie na dada wa Mbeya, yule wa Mwanjelwa. Umeuliza namna ya kumjua mnasihi kabla hujamfungukia, na kama unaweza kwenda na rafiki. Rafiki nenda naye, akusubiri nje, na mkubaliane kwamba baada ya saa moja atakupigia. Kuhusu kumpima, mpigie kwanza au ingia kama mtu anayeulizia tu. Sema: "Nina ndugu yangu anapenda watu wa jinsia yake, ana msongo mkubwa. Je, unaweza kumsaidia?" Halafu nyamaza, usikilize. Akiuliza "amekuwa hivyo tangu lini, tunaweza kumrudisha?", shukuru, ondoka. Akisema analaani lakini atajitahidi, shukuru, ondoka pia. Akiuliza "huyo ndugu anakaa mahali salama? Anakula? Analala?", kaa kwenye kiti. Hata baada ya hapo usitoe yote. Anza na usingizi. Mpe la usingizi, uone analitunzaje, wiki ijayo mpe jingine.

Na wewe wa Mlandege uliyeanza nasi, nimekuandikia pembeni. Fungua ujumbe ukiwa peke yako, na leo usiiache simu ikazima chaji.